Je, Ni Haki Kumfuga Tusiyeweza Kumlisha?

Kiangazi kinapokuwa kirefu, mwenye ng'ombe 40 na chakula cha kuwatosha 15 hukabiliwa na swali gumu: awagawie wote kidogo kidogo, au awachague wachache? Wengi husema kwamba kuwagawia wote ndiyo haki. Sisi twaona sivyo.

Kwanza tutazame mwili wa mnyama. Ng'ombe wa kilo 250 huhitaji karibu kilo 6 za chakula kikavu kila siku. Tumboni mwake wamo vijidudu wasioonekana kwa macho, nao ndio wamsaidiao kusaga majani. Majani ya kiangazi yana upungufu wa kile kijengacho mwili. Vijidudu hudhoofika, na ng'ombe hukonda hali tumbo limejaa. Nusu kilo ya mashudu ya pamba au ya alizeti kwa siku, pamoja na chumvi, humwezesha kula na kusaga hayo makavu vizuri zaidi. Lakini mashudu ya 15 yakigawanywa kwa 40, hayamfai hata mmoja.

Basi apewe nani? Twaonelea wapewe wenye mimba, wanyonyeshao, na ndama, maana kundi la kesho limo ndani yao. Maksai na majike wazee wauzwe mapema, wangali na nyama. Aliyekwisha kulala chini asiweze kuinuka hana bei tena.

Wazee watatujibu: mwenye 100 akifiwa na 80 hubakiwa na 20, lakini mwenye 10 akifiwa na 8 hubakiwa na 2 tu. Neno hili si la upumbavu. Tena ng'ombe si fedha tu: kwao watu huoa na kusaidiana, na wengine waliomo zizini ni amana ya jamaa, wasioweza kuuzwa kabla mwenyewe hajaarifiwa. Nasi twakubali kwamba palipo na malisho ya kuhamia, hesabu hiyo ina nguvu. Lakini siku hizi mashamba yameziba njia nyingi, na ukame wa mwaka 2009 uliwafilisi hata wenye makundi makubwa huko Longido na Monduli. Zaidi ya hayo, hesabu hiyo yawataja 20 waliobaki. Haiwataji 80 waliokufa polepole kwa njaa mikononi mwetu.

Tena yafaa tukumbuke kwamba haki hii huanza masika. Wasukuma hufunga sehemu ya malisho wakati wa mvua na kuifungua wakati wa kiangazi, huiita ngitili. Nyingi zilikuwa zimeharibika, na tangu mwaka 1986 mpango wa HASHI uliwasaidia watu wa Shinyanga kuzirudisha. Ngitili ya kijiji ni ahadi baina ya majirani. Aingizaye ng'ombe wake humo usiku, kabla ya wakati, humwibia mnyama asiyeweza kushtaki.

Ndugu wasomaji, mnyama wa porini hujitafutia. Huyu wa zizini tumemwondolea nafasi hiyo, kwa hiyo chakula chake ni deni letu. Mtu mwaminifu hupima deni lake kabla halijamshinda. Basi na tuhesabu majani yetu mvua zinapokatika, kisha ndipo tuhesabu ng'ombe.