Dhamana katika Elimu ya Fedha

Elimu ya fedha za makampuni ni elimu ya kuamua. Mwenye kuisoma hufundishwa mambo matatu: fedha itoke wapi, iwekwe wapi, na faida yake igawiwe vipi. Wanafunzi wa shahada ya pili ya biashara huijia elimu hii wakiwa watu wazima. Wengi wao wamekwisha kushika kazi, na wengi watarudi kazini wakiwa na mamlaka juu ya mali isiyo yao na juu ya watu wasiowajua. Kwa hiyo mwalimu wao hafundishi hesabu tupu. Hesabu aiandikayo ubaoni leo yaweza kuwa amri ofisini baada ya miaka michache. Swali la insha hii latoka hapo: je, mwalimu huyu ana wajibu juu ya watu ambao hesabu yake haiwataji, au wajibu wake wakoma pale jibu linapokuwa sahihi?

Swali hili halijibiki vema kwa maneno ya jumla. Na tulitazame somo moja lisilokosekana katika madarasa hayo, nalo ni somo la deni. Mwaka 1958 Franco Modigliani na Merton Miller, waliokuwa wakifundisha katika chuo cha Carnegie mjini Pittsburgh, Marekani, walionyesha jambo lililowashangaza wengi. Walisema kuwa katika soko lisilo na kodi wala hasara ya kufilisika, thamani ya kampuni haitegemei kama fedha yake imetoka kwa wenye hisa au kwa wakopeshaji. Hutegemea matunda ya kazi yake. Mwaka 1963 walirudi wakasahihisha hesabu yao: kodi ikiwapo, deni huongeza thamani, kwa kuwa sheria huruhusu riba iondolewe katika mapato kabla kodi haijatozwa.

Mfano wake ni mwepesi. Kampuni yapata shilingi milioni 100, na kodi ni asilimia 30. Ikiwa haina deni, hulipa kodi milioni 30, na wenye hisa hubaki na milioni 70. Ikiwa ina deni lenye riba ya milioni 40, hutozwa kodi juu ya milioni 60 tu, yaani milioni 18. Hapo wakopeshaji hupata milioni 40 na wenye hisa milioni 42, jumla milioni 82. Kazi ni ile ile, bidhaa ni zile zile, lakini walioweka fedha wamepata milioni 12 zaidi.

Vitabu huiita faida hii ngao ya kodi. Mwanafunzi huliandika jina hilo, hupata alama zake, akaenda zake. Lakini mtu wa lugha hawezi kulipita bila kusimama. Ngao humkinga mtu na adui. Adui hapa ni nani? Milioni 12 hazikuzaliwa na kazi mpya. Zilikuwa ziende katika hazina ya umma. Yamkini serikali iliruhusu hivyo kwa sababu njema, maana mikopo hujenga viwanda na reli, na nchi isiyokopeshana haiendi mbali. Hata hivyo, mwanafunzi aliyefundishwa jina la faida bila kufundishwa faida hiyo imetoka mfukoni mwa nani, amefundishwa nusu ya hesabu.

Nusu ya pili huonekana deni linapozidi nguvu za mkopaji. Mwaka 2005 kampuni ya maduka ya vitu vya watoto ya Marekani, Toys "R" Us, ilinunuliwa na KKR, Bain Capital na Vornado kwa bei ya karibu dola bilioni 6.6. Sehemu kubwa ya bei hiyo ilikuwa fedha ya mkopo, na mzigo wa mkopo ukatwikwa kampuni yenyewe iliyonunuliwa. Tangu hapo gharama ya deni ilikula karibu dola milioni 400 kila mwaka. Si haki kusema kuwa deni peke yake liliiua kampuni hiyo. Washindani wake walikuwa na nguvu, na wanunuzi walikuwa wamezoea kununua kwa njia nyingine. Lakini mwenye kubeba mzigo mkubwa hana mkono wa kujitetea, na fedha ambayo ingetengeneza maduka ilikwenda kulipa riba. Mwezi wa Septemba 2017 kampuni iliomba kinga ya kufilisika, na mwaka 2018 ikafunga maduka yake yote ya Marekani. Wafanyakazi zaidi ya 30,000 walipoteza kazi, nao hawakupewa kiinua mgongo. Baada ya miezi ya malalamiko, KKR na Bain Capital walitoa dola milioni 20 kuwasaidia. Ukizigawa sawasawa kwa watu 30,000, kila mmoja apata pungufu ya dola 700.

Msomaji asidhani kuwa hayo ni mambo ya ng'ambo tu. Somo la deni lina mwenzake, somo la fedha ya kuendeshea kazi, ambalo kanuni yake kwa ufupi ni hii: harakisha kulipwa, kawia kulipa. Deni la mwenye kuleta bidhaa husifiwa kuwa mkopo usio na riba. Kampuni ya Nakumatt, iliyoanza katika mji wa Nakuru ikafika kuwa na maduka katika Kenya, Uganda, Rwanda na Tanzania, iliwekwa chini ya msimamizi mwezi wa Januari 2018 kwa kuelemewa na madeni, na mwaka 2020 wadai wake wakaamua ivunjwe. Miongoni mwa waliobaki wakidai walikuwa wauzaji waliopeleka bidhaa zao kwa ahadi ya kulipwa baadaye. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Lakini katika mambo haya harusi yaweza kuwa ya mmoja, na matanga yakawa ya mwingine.

Wapo watakaopinga maneno haya, nao wana hoja za kusikilizwa. Ya kwanza ni kwamba mwalimu wa fedha si mhubiri. Wanafunzi wake ni wa dini mbalimbali na nia mbalimbali. Walilipa ada ili wajue hesabu, si ili watubishwe. Hoja hii ni ya kweli kwa upande mmoja. Mwalimu aachaye somo lake akaanza kuonya hupoteza somo na maonyo pamoja. Lakini kuitimiza hesabu si kuhubiri. Elimu ya fedha yenyewe hufundisha kuwa mwenye hisa katika makampuni ishirini hahofii sana kuanguka kwa moja, maana hatari iliyotawanywa hupungua. Kanuni hiyo hiyo yasema kuwa hatari isiyoweza kutawanywa ndiyo nzito. Mfanyakazi ana kazi moja, katika mji mmoja, chini ya mwajiri mmoja. Basi mwalimu hahitaji kutoka nje ya elimu yake ili amwone mtu huyo. Elimu yake imekwisha kumwonyesha, ila zoezi halikumtaja.

Hoja ya pili ni kwamba mfanyakazi alijua hatari alipokubali ujira, na ujira wake umezingatia hatari hiyo. Hoja hii ingetosha kama deni lingekuwapo siku aliyokubali. Mtu aliyeajiriwa na kampuni yenye deni dogo, kisha kampuni ikauzwa na kutwikwa deni kubwa, amebadilishiwa mkataba bila kuulizwa. Ujira ni ule ule, hatari si ile ile.

Hoja ya tatu ni kwamba mambo ya maadili yana darasa lake. Ni kweli kuwa vyuo vingi vina darasa hilo, na mwaka 2009, baada ya msukosuko wa mabenki, wahitimu wa shule ya biashara ya Harvard walitunga kiapo cha kuongoza kwa uaminifu. Nia yao ilikuwa njema. Lakini kiapo cha mlangoni hakifuti mazoea ya chumbani. Mwanafunzi afundishwaye deni Jumatatu na haki Ijumaa hujifunza pia somo la tatu ambalo hakuna aliyelikusudia: kwamba haki si sehemu ya deni.

Dawa yake si kubwa. Mwalimu atoaye zoezi la kununua kampuni kwa mkopo na aongeze safu moja katika jedwali lake, mwanafunzi aandike humo nani hulipwa kwanza, nani hulipwa mwisho, na nani ameingizwa katika hatari bila kuulizwa. Kisha safu hiyo itahiniwe na kupewa alama, kwa sababu kisichotahiniwa hakisomwi. Mwanafunzi abaki huru kuamua kuwa mkopo wafaa. Pengine wafaa kweli. Ila asiwe huru kuamua kabla ya kuwaona watu wote walio ndani ya uamuzi wake. Mali bila daftari hupotea bila habari, na watu wasioandikwa katika daftari hupotea vivyo hivyo.

Lugha yetu ina neno dhamana, nalo lina maana mbili. Dhamana ni kitu kiwekwacho ili mkopeshaji asipate hasara, na dhamana ni jukumu apewalo mtu juu ya watu wengine. Vitabu vya fedha vimeichunguza sana maana ya kwanza. Maana ya pili yamngoja mwalimu, kwa kuwa amekabidhiwa watu ambao kesho watakabidhiwa wengine, na deni lake kwao halilipwi kwa majibu sahihi peke yake.