Sababu Si Udhuru



Yasikika sana maneno ya kwamba mtu hatendi kwa hiari yake, bali husukumwa na nguvu zilizofichika nafsini mwake, au na watu alio nao. Yatupasa kuyapima, tusiyapokee yote wala tusiyakatae yote.

Sigmund Freud, tabibu wa Vienna aliyefariki London mwaka 1939, alifundisha kwamba mtoto wa kiume humwonea baba yake wivu kwa ajili ya mama. Na katika kitabu chake cha 1927 aliihesabu dini kuwa njozi itokanayo na haja ya mtoto kwa baba. Kwamba nafsi ina hila, hilo si geni kwetu: Qurani imetaja nafsi iamrishayo maovu, na Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ameeleza mengi juu yake. Lakini Freud alitwaa habari za wagonjwa wachache akazifanya kanuni ya wanadamu wote. Mwaka ule ule wa 1927 Malinowski aliandika kwamba katika visiwa vya Trobriand, ambako mjomba ndiye mwenye amri juu ya mtoto, hakuuona wivu huo kwa baba. Naye Karl Popper aliuliza: ikiwa mtu amtosaye mtoto majini na mtu ajitosaye kumwokoa wote wawili hufasiriwa kwa nadharia hiyo hiyo, ni kitu gani kitakachoweza kuonyesha kuwa si kweli?

Wa pili ni Stanley Milgram wa Marekani. Mwaka 1961, katika Chuo Kikuu cha Yale, aliwaamrisha wanaume 40, mmoja mmoja, kumpiga mtu umeme kila akosapo jibu. Umeme ulikuwa wa uongo, nao hawakuambiwa. Watu 26 walifika mwisho, volti 450. Wako walioishuku hesabu hiyo, wakisema baadhi ya watu wale walitambua hila. Lakini hata tukiikubali, mbona hawatajwi wale 14 waliokataa? Na Milgram alipoweka wenzi wawili wakagoma mbele ya mtu, waliofika mwisho walikuwa 4 tu katika 40.

Hapo ndipo penye mazingatio. Karani aamrishwaye kuandika hesabu ya uongo ya mali ya wakfu husema, "Mkubwa wangu ndiye aliyetaka." Mtume ametukataza kumtii kiumbe katika kumuasi Muumba. Karani huyo akisema, "Siandiki," huenda na mwenziwe aliyekuwa akitetemeka akapata moyo wa kuiweka kalamu chini.

Hatusemi kwamba malezi na marafiki hawana athari. Na mgonjwa wa akili apelekwe kwa tabibu, asichekwe. Lakini sababu ya kosa si udhuru wa kosa. Basi kila mtu aihesabu nafsi yake kabla ya kuhesabiwa, na awachague wenziwe.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa miongoni mwa wanaokataa batili, na atupe wenzi wa kukataa pamoja nao. Amin.