Je, Bahari Haina Mwenyewe?



Liko neno lisemwalo sana pwani, ya kwamba bahari haina mwenyewe. Neno hilo tulilitafakari asubuhi moja, tulipopanda ngalawa ya mzee mmoja wa usharika, mvuvi, tukaenda kisiwa cha Mbudya, kaskazini ya Dar es Salaam. Maji yalikuwa yametulia. Tukavaa miwani ya kuzamia, tukashuka mwambani.

Matumbawe, ambayo wengi hudhani ni mawe tu, ni kazi ya wanyama wadogo sana, wajengao kwa chokaa juu ya nyumba za wenzao waliokufa. Pono alikuwa akiuguguna mwamba. Na akisagacho hutoka tumboni mwake kuwa mchanga mweupe, huu tuukanyagao ufuoni. Samaki mdogo aliingia kinywani mwa chewa, akamsafisha, akatoka salama. Kasa naye akapita bila haraka.

Kisha tukafika mahali palipokuwa na vipande vitupu, kama vigae vya chungu. Mzee akasema, “Hii ni kazi ya baruti ya zamani.” Mahali hapa pamehifadhiwa tangu mwaka 1975, na sheria yakataza baruti, lakini mshindo mmoja huua wakubwa na wachanga pamoja, na kubomoa yaliyojengwa kwa miaka mingi.

Kosa la aliyetupa baruti li wazi. Lakini anunuaye je? Mzee aliinama, akasema, “Mchungaji, nami niliwanunua samaki wale, maana walikuwa rahisi.” Nasi tukaikumbuka meza yetu wenyewe, tukanyamaza.

Wengine watasema, mvuvi yule ana njaa na watoto. Ni kweli. Mwenye njaa ana la kujitetea. Sisi tulioshiba twajitetea kwa nini? Pasipo mnunuzi, baruti haina faida.

Tena tukumbuke: viumbe vya majini vilibarikiwa siku ya tano, mwanadamu angali hajaumbwa. Baraka yao yaitangulia yetu. Basi bahari ina Mwenyewe, nasi tu wageni wake.

Kwa hiyo, mama uendaye sokoni, mtazame samaki kabla ya kutoa fedha. Wa baruti hujulikana kwa nyama iliyolegea, uti wa mgongo uliovunjika, na damu iliyovilia ndani. Umwache, hata akiwa rahisi. Bwana atusaidie kuyaheshimu hata yale tusiyoyaona.