Njia Katika Shamba la Mwenzako



Liko swali moja lililonijia siku moja nikiwa nakimbia, nalo halijaniacha mpaka leo. Mtu apitaye katika shamba la mwenzake, je, apita kwa haki yake au kwa hisani ya mwenye shamba? Huenda utasema ni swali dogo. Hata mimi nilidhani hivyo.

Nilipata kukaa miezi kadhaa huko Uingereza, katika kijiji kimoja cha vilima vya Chilterns, kaskazini-magharibi ya London. Daktari alikuwa ameniagiza niuchoshe mwili kidogo, basi mara nne kwa juma nikawa natoka alfajiri kukimbia. Nchi ile ni ya upole. Vilima vyake havimtishi mtu. Pana mashamba ya ngano, malisho ya kondoo, na misitu ya miti mirefu ambayo chini yake, ifikapo mwezi wa Mei, ardhi hujaa maua ya buluu. Njia yangu ilianzia nyuma ya kanisa, ikakata shamba la ngano katikati, ikapita malishoni, ikaingia msituni, kisha ikanirudisha kijijini.

Siku ya kwanza nilisita langoni. Nilikuwa mgeni, na lile lilikuwa shamba la mtu. Mzee mmoja aliyekuwa akitembea na mbwa wake akanionyesha kibao chenye mshale wa njano, akasema, "Pita tu, bwana. Shamba ni lake, lakini njia ni yetu."

Maneno hayo yalinishangaza, nikaulizia habari zake. Katika Uingereza na Wales ziko njia za namna hiyo zipatazo kilometa 225,000. Mkulima ndiye mwenye udongo na mavuno, lakini watu wote wana haki ya kupita kwa miguu, wakitembea au wakikimbia. Nyingi ya njia hizo zilichorwa na nyayo za watu waliokwenda kanisani, sokoni na kazini kabla serikali haijafikiri habari zake. Kwa sheria ya huko, watu wakipita mahali kwa miaka 20, waziwazi, bila nguvu na bila kuomba ruhusa, na mwenye ardhi asionyeshe kwamba anakataa, basi huhesabiwa kuwa ameitoa njia hiyo iwe ya wote. Naye mkulima akilima juu ya njia ikatayo shamba lake, sharti airudishe ndani ya siku 14, ionekane na kupitika.

Wala haki hiyo haikupatikana kwa usingizi. Nyika nyingi za juu zilifungwa ili wachache wawinde ndege. Tarehe 24 Aprili 1932 watu mamia kadhaa, wengi wao vijana wafanyakazi, walipanda mlima wa Kinder Scout bila ruhusa. Walipambana na walinzi, na watano kati yao wakafungwa gerezani. Mwaka 1949 ikatoka sheria ya kuziandika njia katika ramani, na mwaka 2000 sheria nyingine iliyowafungulia watu milima na nyika.

Basi nikakimbia nikijiona mwenye haki. Lakini asubuhi moja, baada ya mvua ya usiku kucha, nilikuta tope zito msituni. Sikutaka kuchafua viatu, nikazunguka kando, juu ya maua. Siku iliyofuata nikafanya vivyo hivyo. Juma lililofuata niliona kwamba wengine wamefuata nyayo zangu. Njia imekuwa pana maradufu, na maua yamelala chini yamepondwa. Hapana polisi aliyenishika. Hata hivyo nilijua nimekosa. Nilipewa haki ya kupita, sikupewa haki ya kukanyaga kila nilichokikuta.

Hapo nikakumbuka habari iliyo katika kitabu cha Hesabu, mlango wa 20. Musa aliwatuma wajumbe kwa mfalme wa Edomu kuomba Israeli wapite katika nchi yake. Angalieni jinsi alivyoomba: aliahidi kwamba hawataingia mashambani wala katika mizabibu, hawatakunywa maji ya visima, wala hawatageuka kuume wala kushoto. Aliyetaka kupita alianza kwa kujiwekea mipaka mwenyewe. Edomu alikataa, akatoka na upanga. Nchi ilikuwa yake, ni kweli. Lakini ni nani kati yetu asomaye habari ile akampenda Edomu?

Nilifikiri habari ya Edomu kwa raha, mpaka nilipogundua kwamba Edomu ni mimi.

Maana hapa kwetu Muheza ninalo shamba la michungwa. Zamani palikuwa na kijia kilichopita humo, watoto wakikitumia kwenda shule. Kwa kuwa machungwa yaliibwa, na yaliibwa kweli, nilikiziba kwa miiba. Mama mmoja jirani alinijia akasema, "Mzee, watoto sasa wanazunguka barabara kuu, na malori ndiyo hayo." Nikamjibu, "Mama, shamba ni langu." Nilisema kweli tupu, na nikaenda kulala bila wasiwasi.

Niliporudi kutoka safari nilisimama mbele ya miiba yangu. Mkulima nisiyemjua hata jina alizivumilia nyayo zangu mara nne kwa juma, nami sikumpa hata salamu. Je, ningewezaje kufurahia lango lake na kulinda miiba yangu?

Nilimwita yule mama, na mwenyekiti wa kitongoji, na wazazi wengine, tukakaa chini ya mwembe. Tukapatana kijia kifunguliwe, upana wa hatua mbili, watoto wasitoke nje yake, na tunda lililo mtini lisiguswe. Sitawadanganya: machungwa bado yanapotea. Msimu uliopita nakisia nilipoteza tenga zima. Mara nyingine moyo huniambia nirudishe miiba.

Sijairudisha, na sababu ni hii. Kama njia ni hisani tu, basi asiye na shamba huishi kwa kutegemea moyo wa mwenye shamba umeamkaje leo. Na kama njia ni haki tu, apitaye hukanyaga maua, na mwenye shamba hutafuta miiba. Sheria yaweza kuifungua njia, lakini haiwezi kumfundisha mpitaji kuvumilia tope, wala kumfundisha mwenye shamba kupoteza tenga moja bila chuki. Hayo twafundishana wenyewe, kila siku, kwa kupita na kwa kupitiwa.

Wahenga walisema njia ya siku zote haina alama. Ni kweli, lakini yahitaji watu wawili wa kuitunza, nao mara nyingi hawajuani.

Siku hizi nakimbia mapema kabla jua halijawa kali, nami hurudi kwa kijia kile. Watoto hunipisha, husema, "Shikamoo, babu," na macho yao huinuka kidogo kwenye machungwa, kisha huenda zao shuleni.

Ni mimi mshiriki mwenzenu.