Kahawa Niliyoificha Kabatini

Siku ya ubatizo wa mwanetu wa kwanza, mama yangu alipanda basi la alfajiri kutoka Muheza akiwa amejifunga kanga mpya. Aliivaa makusudi. Kwa alivyojua yeye, kanga ile ilitoka kwa mama mkwe wangu wa Bukoba, na alitaka aliyempa aione mwilini mwake. Kwetu ukipewa nguo, shukrani ya kinywa haitoshi. Unaivaa mpaka mwenye kuitoa aione.

Mama mkwe alikuwa ameshafika Dar es Salaam siku mbili kabla, baada ya safari ya kilomita 1,400 hivi kutoka Kagera. Walipomaliza kukumbatiana sebuleni kwetu, alirudi hatua moja nyuma, akaushika upindo wa ile kanga kwa vidole viwili, akasema kwa furaha isiyo na hila: "Mzazi mwenzangu, kanga nzuri hii! Umeinunua wapi, na mimi nikatafute?"

Nilikuwa mlangoni na sinia la maandazi. Mama hakumjibu. Aligeuka polepole akanitazama, na macho yale nayajua tangu utotoni. Alikuwa ameshaelewa.

Kanga ile niliinunua mimi, Kariakoo, nikampelekea mama nikimwambia imetoka kwa mkwewe. Leo nataka kueleza kwa nini nilifanya hivyo. Kila Desemba ikikaribia, mizigo ya kwenda nyumbani huanza kufungwa, na najua wako wanandoa wengi wanaofanya kama nilivyofanya wakidhani wanaokoa ndoa zao.

Nimekulia Muheza, mji wa machungwa. Msimu ukikolea, chungwa kwetu si kitu cha kumuuzia jirani, unampa. Jirani naye akikuletea mchuzi, bakuli lake halirudi tupu. Ukikosa cha kutia, unatia hata ndimu mbili. Mgeni akiaga anafungashiwa nazi, mihogo, chochote kilichopo. Na mtoto akirudi kutoka kwa watu, swali la kwanza ni moja: "Wamekufungashia nini?" Si swali la tamaa. Ndivyo wazee wetu wanavyopima kama mtoto wao alipokelewa kama mtu.

Nyumbani kwa mume wangu, wilayani Muleba (sisi wa mbali husema Bukoba tu), mambo yana mwendo wake. Sisemi Wahaya wote, nasema nyumba moja ninayoijua. Pale zawadi hazitoki kila siku, na zikitoka hazitangazwi. Mara ya kwanza nilipopelekwa kutambulishwa, baba mkwe alituongoza hadi nyuma ya nyumba, kwenye kibanja, akanyoosha fimbo yake kutoka mgomba mmoja hadi mbuni wa mbali. "Kuanzia hapa mpaka pale," alisema, "ni kwenu na watoto wenu." Kisha akaendelea kutembea, akaanza kuzungumzia mvua. Mume wangu aliinamisha kichwa, hakutamka neno. Mimi nilisema asante nyepesi, kama mtu aliyeonyeshwa maua. Sikujua kwamba kibanja si shamba tu. Ndizi na kahawa ya familia hutoka hapo, na wazee wa familia huzikwa hapo hapo. Mzee alikuwa ananipa mahali pa kuishi na mahali pa kulala.

Jioni ile mama alipiga simu. "Wamekufungashia nini?"

"Hakuna, mama," nikajibu.

Nilipewa ardhi asubuhi, na jioni nikasema hakuna.

Siku ya kuondoka, mama mkwe alinitia mkononi kifurushi cha jani kavu la mgomba, ukubwa wa ngumi, kimefungwa kwa kamba ya mgomba. "Mpelekee mama yako," alisema. Nilikifungua ndani ya basi. Ilikuwa akamwani, kahawa ya kutafuna: matunda ya mbuni yaliyochemshwa pamoja na majani ya kunukia, kisha yakaanikwa mpaka yakawa meusi na magumu. Yalikuwa na harufu ya moshi na mitishamba.

Nawaambia kweli, nilihisi uso unawaka. Kufikia wakati ule mama yangu alikuwa ameshapeleka Bukoba gunia la machungwa, nazi, na doti mbili za kanga. Na sasa nimrudishie nini? Ngumi moja ya kahawa kavu? Niliwaza atakavyokitazama kile kifurushi, na atakavyokaa kimya. Nilipofika nyumbani nikakisukuma nyuma kabisa ya kabati, nyuma ya vikombe vya wageni. Wiki iliyofuata nikaenda Kariakoo.

Wasiokulia pwani huenda wasijue uzito wa nilichokifanya. Kanga ina pindo, ina mji, ina jina. Na jina, yale maneno yaliyoandikwa chini, ndiyo husomwa kwanza. Sandukuni mwa mama yangu imo kanga ya marehemu bibi yenye alama ya Mali ya Abdulla, zile kanga za Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, na mpaka leo mama anakumbuka nani alimpa bibi na kwa nini. Kwake yeye kanga ni barua. Basi nami nikamwandikia barua kwa jina la mtu mwingine. Nilichagua doti yenye maneno "Wema hauozi". Mama aliipokea, akaisoma taratibu, akaikunja, akasema: "Nimemsikia."

Alimsikia nani? Mama mkwe hakuwa amesema hivyo. Alichokisema yeye kilikuwa kabatini kwangu.

Sikuwa peke yangu. Baada ya ubatizo, wageni walipotawanyika, mume wangu naye alifungua lake. Mizigo ya kwanza kutoka Muheza ilipofika kwao, mama yake alimwita pembeni akamuuliza kwa hofu: "Kwani mama wa mkeo anatudai nini?" Katika nyumba ile, vitu vikianza kumiminika kutoka upande mmoja bila sherehe wala msiba, maana yake kuna jambo halijasemwa. Mume wangu hakutaka mama yake akose usingizi. Tangu siku ile, kila mzigo wa mama yangu uliofika Bukoba aliwaambia umetoka kwake yeye na mimi.

Hebu tazameni tulichokifanya. Mama mmoja alituma machungwa, yakafika hayana jina lake. Mama wa pili alituma kahawa, haikufika kabisa. Katikati tumekaa sisi wawili, wenye elimu zetu, tukibadilisha vitu usiku na tukijisifu kwamba tunalinda amani.

Mwaka 1925 mwanazuoni wa Ufaransa, Marcel Mauss, aliandika insha mashuhuri kuhusu zawadi, akaeleza wajibu wa mambo matatu: kutoa, kupokea na kurudisha. Mama yangu hakumsoma Mauss, lakini bakuli lisilorudi tupu linafundisha hayo hayo. Mimi nilikazana na la kwanza na la tatu, nani katoa na nani karudisha. Hata daftari nililiweka, nikaandika tarehe na vitu, upande huu na upande ule. La kupokea nililisahau. Na kupokea ni kazi. Kunataka uulize kitu hiki kina maana gani kwa aliyekitoa, kabla hujakipima kwa mizani ya kwenu.

Usiku ule wa ubatizo nilikwenda kabatini. Mwaka mmoja na zaidi ulikuwa umepita. Jani la mgomba lilikuwa limekauka hadi likavunjika vidoleni, lakini kahawa ilikuwa vile vile, harufu yake vile vile. Nilikiweka kifurushi mkekani, mbele ya mama zangu wawili, nikapiga magoti nikasema yote.

Mama mkwe hakunikaripia. Alifungua kamba, akachukua tunda moja, akalipasua kwa meno. Ndani mna punje mbili zilizolaliana. Moja akaitia kinywani, ya pili akampa mama yangu. Akaeleza kwamba kwao mgeni hupewa hii kabla ya chochote, na kwamba zamani watu wawili waliotaka kuwa ndugu wa kuchanjiana waligawana punje mbili za tunda moja. "Tunda moja, punje mbili," alisema. "Nilikutumia hii ili ujue sisi tumeshafika huko."

Mama aliitafuna. Uso ukamkunjamana kwa uchungu wa kahawa, lakini hakuitema. Alipomaliza kumeza, alinigeukia akasema neno ambalo sijalisahau na sitalisahau:

"Mwanangu, kanga ninazo sanduku zima. Hapa ulininyima undugu."

Tangu siku ile nimekuwa nikiwasikiliza wenzangu kwa sikio jingine. Huyu analalamika kwamba ukweni hawakutoa kitu mtoto alipozaliwa, kumbe bibi alikuja akakaa wiki sita akimkanda mzazi kwa maji ya moto na kufua nepi. Yule analalamika kwamba wakwe walimpa bahasha ya fedha kama wanaomlipa kibarua, kumbe kwao kumchagulia mtu mzima kitu ni kumdharau. Kila mmoja anasema "hawakutoa". Wametoa, ila hawakutoa kwa namna ya kwetu.

Simu nazo zimeongeza ugumu. Tangu huduma za kutuma pesa kwa simu zianze nchini mwaka 2008, imekuwa rahisi kumaliza kila jambo kwa ujumbe mmoja unaotaja kiasi. Namshukuru Mungu kwa huduma hizo, zimewafikia wazee wetu usiku wa ugonjwa. Lakini ujumbe ule hausemi kwa nini. Anayetuma amejinyima, anayepokea anaona tarakimu tu, na tarakimu ni rahisi kuzilinganisha. Ukituma, piga na simu. Sema neno.

Wala sisemi kila kitu kinachoitwa desturi kikubaliwe. Ziko familia ambazo zawadi imegeuka kodi, kijana anakopa ili asiaibike ukweni, na hapo wanandoa wanapaswa kusema kwa adabu na bila kuficha: hatuna, tutatoa tulichonacho. Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Maneno hayo yanamhusu mtoaji, na yanamhusu pia anayengoja kupewa. Anayeupima moyo wa mkwewe kwa ukubwa wa kifurushi, naye ameamba ni utajiri.

Mimi na mume wangu tulilichoma lile daftari. Mzigo ukitoka Muheza sasa, unafika Bukoba na jina la mama yangu, na mume wangu anawaeleza kwao: kule kwao mke wangu, hivi ndivyo wanavyosema tuko pamoja, hawadai kitu. Mzigo ukitoka Bukoba, ni zamu yangu kueleza. Mwaka jana zilikuja senene zilizokaangwa, zimejaa kopo. Mama hakuzila, na hakujilazimisha. Lakini kabla ya kulifunika kopo aliniuliza: "Hizi nazo zinasema nini?" Nikampa simu amuulize mwenyewe aliyezituma. Waliongea saa nzima.

Nirudi kwenye ile kanga, maana mama ndiye aliyeimaliza habari yake. Doti ni kanga mbili. Moja alikuwa ameivaa kwenye ubatizo, ya pili alikuja nayo kwenye mkoba ili ajifunike njiani. Asubuhi mama mkwe alipokuwa akijiandaa kurudi, mama aliitoa ile ya pili, akamfunga mwenyewe kiunoni, akaweka vizuri maneno yakae nyuma yasomeke.

"Wakikuuliza huko Muleba umefungashiwa nini," alimwambia, "waambie kanga moja. Ya pili nimebaki nayo."

Walitoka hadi barabarani wameshikana mikono, kila mmoja na kanga yake, na jina ni lile lile. Safari hii lilikuwa la mama yangu, na aliyepewa alilisikia kutoka kwake.