Bunduki ya Askari wa Mbuga na Haki ya Zizi

Mamlaka yoyote aliyopewa mtu juu ya watu wenziwe, hususan yaliyoandamana na silaha, ni amana kabla ya kuwa nguvu. Na kwa hiyo hatuna budi kuuliza, askari wa Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS), ambaye sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 imemruhusu kupekua na kukamata, ameishika amana hiyo kwa ajili ya nani?

Huku Kitengela, kaunti ya Kajiado, suala hili si la madarasani. Mbuga ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1946, haina ua upande wa kusini. Simba huvuka mto Mbagathi usiku, na kukicha mama mwenye boma hukuta miiba ya zizi imetawanyika na mbuzi wamelala koo wazi. Mwezi Juni 2012, katika kijiji cha Ilkeek-Lemedung'i, simba sita walioingia zizini namna hiyo waliuawa kwa mikuki. Mwezi Machi 2016, huko Isinya, simba maarufu Mohawk, aliyezingirwa na umati hata akamjeruhi mtu, alipigwa risasi na askari wenyewe, sindano ya usingizi haijafika.

Wengi huulaumu mkono uliorusha mkuki, au uliofyatua risasi. Mimi naona dhulma ilitangulia. Mwanachuoni wa Kiislamu Izz al-Din ibn Abd al-Salam, aliyefariki mwaka 1262, alimwajibisha mmiliki kumlisha mnyama wake hata akiwa mzee asiye na faida tena. Alikusudia wanyama wa kufugwa, naam, lakini hukumu yake yatufaa: mwenye kujitangaza mlinzi wa mnyama ndiye wa kubeba gharama ya tumbo lake. Serikali ikisema simba ni wake, na kitoweo cha simba kikatoka zizini mwa mfugaji asiyelipwa fidia, basi pingu anazoletewa mfugaji huyo zina deni.

Sisemi mkuki ni halali. Simba naye ni kiumbe mwenye haki ya kuishi. Nasema haki ya kukamata huthibitika saa nane ya usiku, mbwa wanapobweka na mfugaji akapiga simu, akaitikiwa. Mpango ulioanzishwa hapa mwaka 2000, wa kuwalipa wenye ardhi dola 4 kwa ekari kila mwaka ili wasizungushe ua na wanyama wapite, ulitambua deni hilo; nazo taa za kumetameta za kuwafukuza simba, alizobuni Richard Turere angali mtoto, zilitoka kwa wafugaji wenyewe. Sasa ni zamu ya serikali: askari wa Kajiado apewe gari, mafuta na daktari wa wanyama aliye karibu, kabla hajaongezewa risasi.