Kuvu na Ndege: Ni Nani Mwenye Hatia?

Sisi wanadamu twapenda kuhukumu viumbe kwa sura zao. Kuvu iuayo mti twaiita adui; ndege aimbaye twamwita rafiki. Lakini mambo mawili yaliyotukia katika mji wa New York, nchi ya Marekani, yatufundisha kupima kwa mizani iliyo bora.

Mwaka 1890 mtu mmoja, jina lake Eugene Schieffelin, alifungua ndege wapata 60, kwenzi wa Ulaya, katika bustani kubwa ya mji ule. Aliwaleta kwa kupenda kwake. Wakazaana hata wakaenea toka bahari hata bahari, wakila matunda ya wakulima na kuyatwaa matundu ya miti ambamo ndege wenyeji hutaga mayai.

Kuvu haikuitwa na mtu. Ilijificha katika miche iliyoletwa toka Asia kwa biashara. Mwaka 1904 ilionekana katika mji uo huo, katika miti iitwayo chesinati. Huingia kwa jeraha dogo la gome. Kidonda huzunguka shina, na yote yaliyo juu yake hufa. Katika miaka 50 hivi iliangamia miti zaidi ya bilioni tatu, nao watu wa milimani wakakosa kokwa zake na mbao zake.

Basi, ni yupi mwenye hatia? Kwao Asia miti ya jamii ile huivumilia kuvu. Kwao Ulaya kwenzi hula wadudu mashambani. Hakuna aliyechagua safari yake, na hatia ni ya mwenye kuchagua.

Labda mtu atasema, “Mfanya biashara alitafuta faida, bali mpenda ndege alikuwa na nia njema.” Ni kweli, nia njema hupunguza lawama, lakini haipunguzi madhara. Upendo usiouliza habari za wenyeji ni nusu ya upendo tu. Tena, asiyejua hahukumiwi sawa na ajuaye, nasi sasa twajua. Mwaka 1912 Marekani ilitunga sheria ya kukagua miche itokayo nchi za ng’ambo. Lakini kuvu ilikuwa imekwisha kuenea.

Hata leo mizizi mingi ya chesinati ingali hai ardhini. Huchipua, na machipukizi yakikua kidogo, kuvu huyashika tena. Basi kila atakaye kuleta mbegu, mche au mnyama toka mbali, na aulize kwanza: huko kiendako, ni nani atakayekizuia?